Mizani ya Hekima: Dhahabu, Maji na Mtumwa wa Marw

Likizo moja niliombwa niwasomeshe vijana wa sekondari fizikia, baada ya sala ya Alasiri, katika chumba kile kile cha madrasa. Mada ilikuwa densiti, yaani uzito wa kitu ukiugawanya kwa nafasi kinayochukua. Nikaja na yai, gilasi mbili za maji na chumvi. Yai likazama kwenye maji matupu, likaelea kwenye maji ya chumvi. Wakafurahi. Nikawahadithia Archimedes wa Sarakusa, taji la mfalme na yule mtu anayetoka kuoga mbio akipiga kelele.

Msichana mmoja wa nyuma akauliza: "Ustadh, na hizi namba za kitabuni, eti dhahabu 19.3, ni yeye pia alozipima?"

Nikanyamaza. Kisa cha kuoga chenyewe kimeandikwa na Mrumi mmoja karibu miaka 200 baada ya Archimedes kufa, na hakina jedwali lolote ndani yake. Nikamwambia asubiri kesho, nikaenda kusoma.

Nilichokikuta kilinitia haya, maana majina yale nilikuwa nikiyasikia tangu utotoni bila kujua walifanya nini hasa. Wa kwanza ni Abu Rayhan al-Biruni, aliyezaliwa Khwarizm mwaka 973. Alitengeneza chombo cha umbo la pia, juu chembamba chini kipana, chenye mdomo ulioinama kando. Ukikijaza maji mpaka mdomoni kisha ukatia kipande cha dhahabu, maji yanayofukuzwa yanamwagika kwenye sahani, nawe unayapima. Rahisi kusema! Shingo ikiwa pana, maji hupanda kidogo tu na huoni tofauti. Kwa hivyo akaifanya nyembamba kama kidole kidogo. Dhahabu ya mithkali 100 ikafukuza maji ya mithkali 5 na robo. Gawanya mwenyewe: 19.05. Yuko karibu sana na kitabu chetu, na alifanya hivyo miaka 1000 iliyopita bila umeme wala maabara.

Wa pili ndiye aliyenishika moyo. Abd ar-Rahman al-Khazini alikuwa mtumwa, kwa asili Mrumi wa Bizanti, katika mji wa Marw ambao leo ni magofu ndani ya Turkmenistan. Bwana wake alimsomesha hesabu na falsafa, na mwishowe akawa mwanachuoni aliyefanya kazi chini ya Sultani Sanjar wa Maseljuki. Mwaka 515 Hijria, yaani 1121 au 1122, akaandika Kitab Mizan al-Hikma. Kazi ya al-Biruni tunaijua zaidi kwa sababu yeye aliihifadhi humo. Utangulizi wake unazungumzia uadilifu, na hilo si pambo la maneno: mizani ile ilikuwa ya kuwakamata masonara wezi.

Hebu tazameni inavyofanya kazi. Umeletewa mkufu wa mithkali 100, unaambiwa ni dhahabu tupu. Huwezi kuuvunja, ni mali ya mtu. Unautia majini. Dhahabu safi hufukuza 5 na robo, fedha tupu hufukuza kama 9.7. Mkufu huu umefukuza karibu 7 na nusu. Basi nusu yake kwa uzito ni fedha, na sonara ana maswali ya kujibu. Mizani ya al-Khazini ilikuwa na sahani tano, moja yao ikining'inia ndani ya maji. Alipima vimiminika pia. Maji ya bahari aliyaandikia 1.041 kwa maji baridi matamu 1, na ndiyo sababu ya yai langu, na ya wewe kuelea vizuri zaidi baharini kuliko mtoni.

Siku ya pili nikayaeleza haya yote. Kijana mwengine akarusha lake: msumari unazama, mbona meli ya chuma haizami? Nikaomba sufuria jikoni, nikaiweka tupu kwenye beseni. Ikaelea. Mnapima chuma peke yake, nikamwambia, lakini maji yanaipima sufuria pamoja na hewa iliyo ndani yake. Tukaitia maji kidogo kidogo mpaka ikazama. Kelele ilikuwa mpaka mtu wa jikoni akaja kuidai sufuria yake, futari ilikuwa bado haijapikwa.

Yule msichana alitaka kujua zaidi habari za yule mtumwa, kama alitajirika. Inasimuliwa kwamba aliletewa zawadi ya dinari 1000 akairudisha. Alisema dinari tatu zinamtosha kwa mwaka mzima, kwani nyumbani kwake hakuna mwengine ila paka.