Likizo ya Ulezi, Wala Si ya Ubaba

Waajiriwa wa mwambao wetu wa Tanganyika, tangu Rumonge mjini hadi huku Kigwena, wamegawiwa kikaratasi cha haki za kazi. Kinamwambia mwanamume aliyepata mtoto kuwa anastahili «likizo ya ubaba ya kulipwa», na kwamba akitaka siku zaidi aombe «likizo ya ubaba isiyolipwa». Mistari michache chini yake, mahali ambapo Kifaransa kilisema congé de circonstance, mfasiri ameandika «likizo ya mazingira». Nimekisoma kwa uchungu, kwa sababu aliyekiandika alikuwa na nia njema na alikosa maneno, na maneno yalikuwepo.

Jambo lenyewe halina utata. Mke amejifungua, mume anatoka kazini kwa siku kadhaa, na katika siku hizo mshahara ama unaendelea ama unakatika. Hapo sina la kumfundisha mtu. Ninalolitaka ni jina ambalo mzungumzaji wa Kiswahili akilisikia halitamlazimu kwanza alirudishe katika Kifaransa ndipo alielewe.

Nianzie kwenye likizo. Huku Burundi, kama Rwanda na Kongo ya mashariki, wengi husema konji, na sina ugomvi na konji: imekwisha kuwa ya kwetu. Ila likizo ina asili ambayo wanaoitumia wameisahau. Imetokana na kulikiza, na kulikiza katika kamusi za zamani kuna maana mbili: kumpa mtu ruhusa ya kuacha shughuli kwa muda, na kumwachisha mtoto ziwa. Mtoto hulikizwa, mfanyakazi hulikizwa. Yaani kabla hatujawa na ofisi wala sheria za ajira, neno hili lilikuwa tayari limekaa mikononi mwa anayelea. Sijui neno lingine la kiofisi lenye bahati hiyo, na ndiyo maana naona ni hasara kubwa kulifungia mkia wowote uliopatikana karibu.

Mkia wa kwanza ni uzazi. Watunga istilahi fulani hupenda «likizo ya uzazi ya baba». Tulitazame tendo lenyewe. Kuzaa ni vyaa ya zamani iliyobadilika sauti, na vyaa hiyo haijafa: tunaitamka kila tunapomtaja mavyaa au bavyaa, na wazee wa pwani bado husema wavyele wakikusudia wazazi. Kirundi kimeihifadhi waziwazi, kuvyara ni kuzaa na umuvyeyi ni mzazi, kwa hiyo mtu wa Kigwena anayesema lugha zote mbili anausikia undugu huo bila kufunguliwa kitabu. Ni kweli kwamba mwanamume naye husemwa amezaa. Lakini mzazi, likitumika peke yake nyumbani au hospitali, humwelekea mwanamke aliyetoka kujifungua, na ndiyo sababu Tanzania husema wodi ya wazazi na hakuna baba anayelazwa humo. Uzazi ni kazi ya mwili. Mwili unaovuja damu na kutoa maziwa unahitaji likizo ya uzazi, wiki nyingi, na haki hiyo ni ya mama. Kumpa baba likizo ya uzazi ni kumgawia cheo cha uchungu asiousikia, na kuufanya uchungu wa mama uonekane kitu cha kugawana.

Mkia wa pili ndio ulionifanya nishike kalamu. Ubaba. Kiambishi u- kikipachikwa kwenye nomino ya mtu hutoa hali: utoto, uzee, ujane, ubaba. Hali humkaa mtu, haimtoi kazini. Sasa tuangalie likizo nyingine zinavyoitwa. Likizo ya mwaka inataja kipindi. Likizo ya ugonjwa inataja kilichomtoa mtu kazini, na kikiisha anarudi. Likizo ya masomo vilevile. Kwa kipimo hicho, anayerudi kutoka likizo ya ubaba ubaba wake umeisha. Najua hakuna atakayelielewa hivyo kwa makusudi, ila istilahi mbaya hufanya kazi yake bila makusudi: inamzoeza mwanamume kuamini kuwa siku hizo ni heshima anayopewa kwa kuwa baba, akae barazani apokee pongezi. Hakuna kitu katika neno ubaba kinachomwambia afue nguo za mtoto, achote maji, au akeshe usiku ili mwenzake alale.

Tendo linalosema hayo lipo nalo ni kulea. Kirundi husema kurera, Kinyarwanda vilevile, r ya kwao ikiwa mahali pa l yetu. Mrundi humwita mlezi umurezi, na malezi huyaita indero. Neno moja limetandaa toka pwani ya Bahari ya Hindi hadi fukwe hizi, na maana yake haikupotea njiani. Tena Kiswahili kimelipanua kwa namna ninayoiona ya hekima kubwa: kulea si kwa mtoto aliyezaliwa tu, tunasema pia kulea mimba. Methali imezipanga kazi hizo mbili kwa uzito wake: kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana. Upanuzi huo una faida ya kisheria ambayo wapinzani wangu hawajaigusa. Sheria ya Ajira ya Uganda ya 2006 humpa mume siku 4 za kazi mke anapojifungua, na humpa hizo hizo mimba inapoharibika. «Ubaba» unamwacha mtu huyo bila jina, maana mtoto hayupo. Ulezi unambeba, kwa kuwa mimba ile ililelewa, na mama aliyeipoteza anahitaji wa kumtunza.

Kwa hiyo nasema likizo ya ulezi, na panapohitajika ufafanuzi, likizo ya ulezi wa baba. Nililipeleka pendekezo hili kwa watu waliokabidhiwa kuamua mambo kama haya. Nilijibiwa kwa mstari mmoja: ulezi ni nafaka, msomaji atafikiria uji. Jibu hilo lilinikera na bado linanikera, kwa sababu halikutoka kwa mtu aliyelifikiria. Paa ni la nyumba, ni mnyama, na ni kuruka juu, na hakuna hakimu aliyewahi kuisoma sheria ya ujenzi akaenda mwituni. Nafaka hiyo huku kwetu ina jina la Kirundi, uburo, na kwingine huitwa wimbi. Na kama msomaji akiukumbuka uji wa ulezi, uji huo ndio tunaompikia mzazi apate nguvu. Neno halijatoka nje ya nyumba.

Mpinzani mwingine, huyu namheshimu zaidi, anataka «likizo ya malezi». Namkatalia kwa sababu moja tu. Malezi ni mwenendo mzima wa kumkuza mtu, tunaposema huyu ana malezi mabaya tunahukumu miaka kumi na mitano. Ulezi ni kazi ya mlezi, inayofanywa leo na kesho. Isitoshe, malezi tunayahitaji mahali pengine: Sweden tangu 1974 ina likizo ndefu ambayo wazazi wote wawili wanaweza kugawana. Hiyo ndiyo likizo ya malezi. Tukilitumia neno hilo kwa siku chache za baba, siku tutakapoidai ile ndefu tutakuwa hatuna cha kuiita.

Kuhusu «likizo ya mazingira», sioni pa kuitetea. Mfasiri amefungua kamusi akachukua maana ya kwanza. Circonstance katika sheria za kazi ni tukio la familia linalomgusa mfanyakazi: harusi, kuzaliwa, msiba. Sheria ya Kazi ya Kongo ya 2002 imeyapanga pamoja, siku 2 za kazi mke akijifungua, 4 mwenzi akifariki. Hiyo iitwe likizo ya tukio la familia, basi. Lakini tusiridhike nayo. Msiba humalizika kwa kuzika na harusi kwa kula. Mtoto ndiyo kwanza ameanza. Kuzaliwa kunastahili kutolewa katika kapu hilo la matukio na kupewa mlango wake.

Imebaki kulipwa. Katika Kiswahili hulipwa mtu au hulipwa deni. «Likizo isiyolipwa» inamfanya msomaji atafute mdai. Ni «congé payé» iliyovalishwa viambishi. Na malipo peke yake ni neno pana mno, hata ada ya shule ni malipo. Kinachoendelea au kukatika hapa kina jina: mshahara, kutoka shahr ya Kiarabu, yaani mwezi. Mshahara ni kile kinachorejea kila mwezi. Likizo ya ulezi yenye mshahara inamwambia mtu kuwa mwezi wake haukukatwa. Likizo ya ulezi bila mshahara inamwambia umekatwa, na akae na mkewe wahesabu kama wanaweza. Katika ofisi zetu huitwa sans solde, na solde ilikuwa pesa ya askari. Sioni kwa nini baba wa Kigwena aombe likizo kwa lugha ya kambi.

Nikiandika mshahara nawakumbuka wasioupata, nao ndio wengi hapa. Mvuvi wa ndagala hulipwa kwa mgawo wa samaki. Hutoka usiku na taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, mitumbwi inakaa ufukoni. Mwezi ule ule uliompa karani jina la pesa yake humpa mvuvi siku za kukaa nyumbani mikono mitupu. Ng'ambo ya mpaka, Tanzania ilifunga uvuvi wa ziwa hili kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Mvuvi aliyepata mtoto katika miezi ile alikuwa nyumbani, lakini hakuna aliyeiita likizo. Anayekamua mawese kwa siku naye siku asiyokamua haina ujira. Neno langu haliwapi hata faranga moja, nalijua hilo. Ila likitaja kazi ya kulea badala ya cheo cha ubaba, angalau linawataja na wao, maana kazi hiyo wanayo.

Kwa matumizi, hizi ndizo siku za baba kwa haraka: Kenya, Sheria ya Ajira ya 2007, wiki 2 kwa mshahara kamili. Rwanda, tangu 2023, siku 7 za kazi. Burundi, isome Sheria ya Kazi ya 24 Novemba 2020 pamoja na mkataba wako na makubaliano ya pamoja ya mahali pako pa kazi, na siku unazozitaka juu ya hizo uziombe kwa maandishi, ukitaja wazi kama ni zenye mshahara au bila mshahara. Na wewe uliyeajiriwa Kigoma, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku zisizopungua 3 zenye mshahara, lakini sharti zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto kuzaliwa. Andika barua kabla mkeo hajajifungua.