Kochingi za Kansanga: Historia ya Saa za Baada ya Shule

Jioni moja mwaka jana nilimruhusu mtoto aende nyumbani kwa sababu alikuwa amemaliza hesabu zake. Alikuwa wa darasa la nne. Nilikuwa nimekubaliana na mama yake nimfundishe hesabu na Kiingereza kwenye baraza ya nyumba ninayopanga hapa Kansanga, na siku hiyo, ilipofika saa kumi na moja na nusu, alikuwa amepata zote. Nikamwambia, haya, nenda. Saa mbili usiku mama yake, Mkongomani anayeuza vitenge mjini, alinigongea mlango akiuliza mwanawe yuko wapi. Tulimkuta ng'ambo ya barabara ya Ggaba, amekaa kwenye benchi la muuza rolex, zile chapati za mayai, anatazama boda boda. Mama hakupiga kelele. Alisema tu, "Mwalimu, mimi nilikulipa umwangalie."

Mimi nilidhani nalipwa kwa ajili ya hesabu. Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ilikuwaje malezi ya mtoto baada ya shule yakajificha ndani ya masomo, kiasi kwamba mlipaji na mlipwaji hawaelewani juu ya kitu kilichonunuliwa. Hapa Kampala huitwa kochingi. Kwetu Bukoba ni tuisheni. Majina yote mawili yanataja kufundisha, wala hakuna linalotaja kuangalia.

Wenzangu wengi darasani hupenda kuanza insha za namna hii na moto wa jioni, mababu na vitendawili. Sikatai kwamba Baganda walikuwa na kyoto chao, kama sisi Wahaya tulivyokuwa na chetu. Lakini tusisahau kwamba watoto wa Buganda mara nyingi hawakulelewa na wazazi wao. Walipelekwa kwa shangazi, kwa wajomba, kwa machifu, na baadhi ya wavulana walipelekwa ikulu ya Kabaka kuwa bagalagala, yaani watumishi wadogo wa jumba la mfalme. Mtoto alitunzwa huku akifanya kazi, na kazi yake ilikuwa sehemu ya malipo ya matunzo hayo. Saa tupu hazikuwepo, kwa kuwa saa tupu huzaliwa pale mtoto anapokuwa na kengele ya kuingia na kengele ya kutoka.

Kengele hiyo ililetwa zaidi na wamisionari. Waanglikana wa CMS walifika Buganda mwaka 1877 na White Fathers wakafuata mwaka 1879. Baada ya vita na misukosuko ya miaka ile zikajengwa shule za bweni ambazo hadi leo wazazi wa Kampala huzitaja kwa heshima: Namilyango mwaka 1902, Gayaza mwaka 1905, Budo mwaka 1906. Kwa shule hizo swali la nani anamwangalia mtoto jioni lilijibiwa kwa kumlaza hukohuko. Baada ya chakula cha usiku ilikuwa saa ya kujisomea, wenyewe huita prepu. Kwa maoni yangu hapa ndipo mbegu ya kochingi ilipopandwa. Mtoto wa tabaka la juu alionekana akisoma usiku chini ya jicho la mtu mzima, na mzazi wa mjini asiyemudu bweni akaja kutaka kuinunua prepu hiyo kwa vipande, jioni moja moja.

Kulikuwa na njia nyingine, ambayo naona wanahistoria wa elimu ya Uganda huipita haraka. Uislamu ulifika Buganda tangu miaka ya 1840, kabla ya wamisionari, na pamoja nao kikaja chuo cha Kurani. Kutoka hapa Kansanga hadi kilima cha Kibuli si mbali, na ukipita huko alasiri utawaona watoto waliovua sare za shule wakielekea madrasa. Mtu wa pwani hatashangaa. Mombasa au Unguja mtoto hutoka skuli, hula, huenda chuoni, na mama anajua yuko wapi mpaka magharibi. Mwalimu wa chuo hajitangazi kuwa mlezi, ila ndivyo alivyo. Hata hivyo kinacholetwa mbele ni Kurani, na malezi yanakuja nyuma yake bila jina.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1997, serikali ilipoanzisha elimu ya msingi kwa wote, UPE, kwanza kwa watoto wanne wa kila familia. Wanafunzi waliongezeka kutoka milioni 3 hivi hadi zaidi ya milioni 5 katika muda wa mwaka mmoja. Shule za sekondari hazikuongezeka kwa kasi hiyo, na UPE ya sekondari, kama watu walivyoiita, ilisubiri hadi mwaka 2007. Katikati palisimama mtihani wa darasa la saba, PLE, wenye masomo manne ambapo bora kabisa ni kupata jumla ya alama 4. Kila mwaka matokeo yanapotoka, magazeti hupanga majina ya shule na picha za watoto waliobebwa juu juu. Mzazi anayetazama picha ile hawezi kuambiwa kwamba jioni ni ya kucheza. Wizara ya Elimu imepiga marufuku kochingi mara nyingi. Marufuku hutangazwa, wiki mbili zinapita, na watoto wanaonekana tena na mifuko yao.

Wanaolaumu tamaa ya walimu wana sababu, lakini hawatazami nyumba. Kansanga ya leo imejaa hosteli na vyumba vya kupanga, hasa tangu Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala kilipofunguliwa mwaka 2001. Familia nyingi hukaa katika muzigo, chumba kimoja katika safu ya vyumba, bila ua na bila bibi. Mama yuko sokoni hadi usiku. Mama huyo akisema analipia mtu wa kumshikia mtoto, jirani atamwona mvivu. Akisema analipia kochingi, ni mzazi anayejali.

Janga la korona lilionyesha hili wazi. Uganda ilifunga shule Machi 2020, na ukiacha vipindi vifupi kwa baadhi ya madarasa, haikuzifungua kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Kwetu Tanzania shule za msingi zilirudi mwishoni mwa Juni 2020. Wenyeji wangu hapa husimulia jinsi watoto walivyofundishwa vyumbani, milango imefungwa. Nilipowauliza watoto walijifunza nini, wengi walicheka. Walichokumbuka ni kwamba mtoto alikuwa mahali.

Nijuavyo, aliyelielewa jambo hili mapema katika mji huu alitumia sataranji. Robert Katende, aliyekuwa akifanya kazi na shirika la Sports Outreach, alianza kwa soka katika mtaa wa Katwe, kisha akawafundisha sataranji watoto wasiopenda mpira. Aliwapa uji. Phiona Mutesi alifika pale akimfuata kaka yake, na uji ule ulikuwa sababu mojawapo ya kurudi. Mwaka 2012 alipata taji la kimataifa katika Olimpiadi ya sataranji Istanbul, na mwaka 2016 ikatoka filamu. Watu wakakumbuka taji. Mimi naukumbuka zaidi ule uji, na ile saa ambayo mtoto aliyekosa ada alikuwa na pa kwenda.

Sasa mtoto wangu wa darasa la nne hukaa hadi mama yake arudi. Akimaliza hesabu hucheza dama kwa vizibo vya soda na mtoto wa mwenye nyumba, ambaye humshinda kila siku. Malipo hayajabadilika, na bado tunayaita kochingi.

Mimi namaliza shahada muhula ujao. Juzi nilimwambia mama kwamba nimepata mwenzangu wa hosteli atakayenirithi, mzuri sana wa hesabu kuliko mimi. Akauliza, "Huyo anakuwa nyumbani hadi saa ngapi?"