Babu Ambaye Sensa Haikumwandika

Gerezani, jirani na soko la Kariakoo, upo mtaa unaoitwa Kleist Sykes. Wazee wa mjini bado wanauita Kipata. Kleist Sykes mwenyewe alizaliwa Pangani mwaka 1894, lakini baba yake hakuwa mtu wa Pangani, wala Mzaramo, wala Mshomvi. Aliitwa Sykes Mbuwane, akitokea kusini mwa Msumbiji. Mababu wa Dar es Salaam wa karne ya 19 ambao safari yao inajulikana tangu kijiji walichozaliwa hadi mto waliofia ni wachache mno, naye ni mmoja wao.

Mwingereza akimtafuta babu wa zama hizo huanza na sensa. Kwao, tangu 1841, karani aliandika jina la kila aliyelala ndani ya nyumba, umri wake na kazi yake, na daftari hizo hufunguliwa kwa umma baada ya miaka 100. Za mwaka 1921 zilifunguliwa Januari 2022. Mmarekani mweusi hukwama mapema zaidi: sensa za 1850 na 1860 ziliwaandika watumwa kwa umri na jinsia chini ya jina la bwana wao, na ni 1870 tu ndipo walipoanza kuandikwa kwa majina yao wenyewe.

Kwetu mlango huo haukuwahi kujengwa. Waingereza walihesabu watu wa Tanganyika mwaka 1921, 1928 na 1931, lakini Mwafrika alihesabiwa kwa jumla, zaidi kwa kutegemea wakuu wa maeneo na daftari za kodi. Serikali ilitaka kujua idadi ya walipa kodi. Nani ni nani halikuwa swali lake. Sensa ya kwanza ya kisasa ilifanyika 1948, na kwa hiyo tunajua kuwa Dar es Salaam ilikuwa na watu karibu 69,000, wakafika karibu 129,000 mwaka 1957 na 273,000 mwaka 1967. Waliozaliwa karne ya 19 wengi walikuwa wameshazikwa kabla ya hesabu hiyo. Kleist mwenyewe alifariki 1949, mwaka mmoja tu baada yake.

Basi habari za Mbuwane zimetufikiaje? Zimepitia vita, na zimepitia kalamu ya familia.

Mwaka 1888 watu wa Pangani waliwakataa Wajerumani wa kampuni iliyotaka kutawala pwani kwa mkataba wa Sultani wa Zanzibar. Wakaongozwa na Abushiri bin Salim al-Harthi, na upande wa Saadani akasimama Bwana Heri. Berlin ikamtuma Hermann von Wissmann kuzima upinzani huo. Wissmann hakuwa na jeshi, akalikodi: Wasudani aliwapata Misri, kisha akaagiza wapiganaji kutoka eneo la Inhambane, chini ya Wareno. Mapokeo ya familia yanasema Mbuwane alitoka kijiji cha Kwa Likunyi, na kwamba aliletwa pamoja na mwenzake aliyekuja kujulikana kama Affande Plantan, mkuu wa askari wa Kizulu. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Hilo tusilifiche: babu huyu aliingia nchini kwa upande wa bunduki za mkoloni. Nasaba ya kweli haichagui.

Hapo pana mtego kwa kila anayefuatilia ukoo wa askari. Wajerumani waliandika "Zulu," lakini wengi wa waliokodiwa walikuwa Washangaan, watu wa dola ya Gaza, ambayo ilianzishwa na Wanguni waliohama kutoka nchi ya Wazulu mwanzoni mwa karne hiyo. Vivyo hivyo "Msudani" kwenye karatasi ya jeshi aweza kuwa Mshilluk, Mdinka au Mnubi. Kabila lililoandikwa na ofisa wa kikoloni ni dokezo tu.

Mwaka 1891 jeshi la kukodi likawa jeshi rasmi la koloni. Agosti 17 mwaka huohuo Wahehe wa Chifu Mkwawa waliliangamiza kundi lake moja kubwa Lugalo. Wajerumani walirudi kulipiza, wakaiteka Kalenga, ngome ya Mkwawa, Oktoba 1894. Mbuwane alikuwemo katika vita hivyo na, kwa masimulizi ya ukoo, alikufa maji Mto Ruaha wakati wa kurudi. Kleist alizaliwa mwaka huohuo, akalelewa na Plantan. Alisomeshwa, akapigana chini ya von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, na Waingereza waliposhika nchi akafanya kazi Reli. Mwaka 1929 alikuwa miongoni mwa waasisi wa chama cha African Association na katibu wake. Mwanawe Abdulwahid, aliyekwenda Burma na jeshi la Waingereza, alirudi akawa mkuu wa soko la Kariakoo na mmoja wa waasisi wa TANU, chama kilichozaliwa Julai 7, 1954.

Haya yote yangefutika kama Kleist hangeacha maandishi kuhusu maisha yake. Mjukuu wake, Daisy Sykes Buruku, aliyatumia akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kazi yake ikatoka mwaka 1973 katika kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichohaririwa na John Iliffe. Baadaye Mohamed Said akaendeleza uchunguzi hadi kitabu chake cha 1998 kuhusu Abdulwahid. Ushahidi mkubwa ulitoka chumbani kwa babu.

Familia nyingi za Kariakoo hazikuwa na babu mwenye kalamu. Wamanyema walifika kwa misafara kutoka mashariki ya Kongo, na msikiti wao upo hadi leo. Wengine walishuka na misafara ya Wanyamwezi, wengine walitoka Kilwa na Nyasa. Baadhi hawakuja kwa hiari, waliletwa utumwani. Hapa ndipo ukoo hunyamaza, na nauheshimu ukimya huo, kwa sababu aibu ile walibebeshwa wasiostahili. Lakini aliyeuzwa mara nyingi ameandikwa kuliko aliyezaliwa huru. Serikali ya Kijerumani ilitoa hati za uhuru kwa makumi ya maelfu ya watu, na misheni kama ya Bagamoyo, iliyoanzishwa 1868, iliwapokea waliokombolewa na kuwabatiza. Zanzibar, balozi wa Uingereza, Rigby, alipowakomboa watumwa wa Wahindi mwaka 1860, majina yao yaliwekwa kwenye orodha.

Kwa Kariakoo yenyewe, nyumba ndiyo shahidi bora. Mji huu ulipimwa kwa viwanja vyenye namba, na kila kiwanja kina mwenyewe, kodi yake na, mwenyewe akifa, shauri lake la mirathi, ambamo warithi hutajwa mmoja mmoja, hata mke wa bara ambaye watoto wa mjini hawakumjua. Mwaka 1956 ofisa J.A.K. Leslie alianza uchunguzi wake wa jiji, akiwauliza wakazi walikotoka na walivyofika. Ripoti yake, iliyochapishwa 1963, haitampa mtu jina la babu yake, lakini itamweleza mtaa wa babu ulikuwaje.

Leo nyumba za Kiswahili za Kariakoo zinavunjwa kupisha maghorofa, na masanduku ya stakabadhi za kodi, vyeti vya ndoa na vitabu vya mshahara hutupwa pamoja na kifusi. Msomaji, kama kwenu bado yupo bibi au babu, kaa naye ukiwa na daftari: muulize jina la baba wa baba yake, alifika mjini akifuatana na nani, alipanga kwa nani, alizikwa wapi. Piga picha kila karatasi kabla nyumba haijauzwa. Kisha nenda na majina hayo Nyaraka za Taifa, Mtaa wa Vijibweni, Upanga, yalikohifadhiwa mafaili ya Wajerumani na ya Waingereza.