Toroli, mkokoteni na chukudu: jinsi ya kuhamisha mizigo mizito shambani bila kuumia

Je, unalima kwenye miteremko ya Rubavu na una magunia ya viazi, samadi au mawe ya kuhamisha? Makala hii inakueleza jinsi ya kufanya kazi hiyo bila kuumia mgongo na bila mzigo kukuponyoka.

Chukudu inatufundisha nini?

Ukivuka Grande Barrière kutoka Gisenyi kuingia Goma, utakutana na chukudu. Kwa wengi wenu mliotoka Kivu Kaskazini si kitu kigeni: ni chombo cha mbao chenye magurudumu mawili, kinachoshusha makaa, kabichi na viazi kutoka sehemu za juu kama Kibumba. Goma wamekijengea hata sanamu ya rangi ya dhahabu. Hakina injini, lakini kinabeba mamia ya kilo kwa sababu uzito wote unakaa juu ya magurudumu. Mwenye chukudu haubebi mzigo. Anausukuma na kuuongoza tu. Fuata kanuni hiyo kwa kila chombo.

Upakie vipi?

- Toroli: Sogeza mzigo mbele, karibu na gurudumu. Tuseme kutoka gurudumu hadi mikono yako ni sentimita 150, na umepakia kilo 90. Uzito ukiwa katikati, mikono yako inabeba kilo 45. Ukiwa sentimita 50 kutoka gurudumu, inabeba kilo 30 tu.
- Mkokoteni wa magurudumu mawili: Weka uzito juu ya ekseli, ukizidi kidogo upande wa mvutaji. Ukizidi nyuma, mikono ya mkokoteni itanyanyuka na kukuinua nayo.
- Trela ya gari au pikipiki: Uzito uzidi kidogo mbele ya ekseli. Ukizidi nyuma, trela huyumba na inaweza kupindua chombo kinachoivuta.

Vitu vizito viwe chini, vyepesi juu. Funga kwa kamba au mpira wa tyubu, kisha utikise. Kikicheza, funga upya.

Kwenye mteremko ufanye nini?

Ajali mbaya hutokea wakati wa kushuka.

1. Tembea njia kwanza bila mzigo. Ondoa mawe na ufukie mashimo.
2. Kaa upande wa juu wa mzigo, usikae chini yake. Mkokoteni utangulie, nawe uuzuie kutoka nyuma, na mwenzako ashike kamba akiwa juu pia.
3. Ukipumzika, weka jiwe kila gurudumu, upande wa chini.
4. Kama unatumia chukudu, kagua breki, yaani kile kipande cha tairi unachokandamiza kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma. Mvua ikinyesha, mpira huteleza. Subiri, au punguza mzigo.
5. Usiruhusu watoto kupanda juu ya mzigo wala kukimbia mbele yake.

Safari mbili ni bora kuliko moja

Mkiazima mkokoteni kwa jirani, mkubaliane mapema nani atatengeneza gurudumu likiharibika. Na mzigo ukianza kukushinda, piga kelele watu wapishe, uachie, uruke pembeni. Viazi vitaokotwa. Mguu uliovunjika unaweza kukukosesha msimu mzima.