Iniforme ya masomo: mtoto asiye na bulu-nyeupe arudishwe nyumbani?

Mwaka wa masomo katika inchi yetu unaanza mwezi wa tisa, na swali moja linarudi katika nyumba nyingi za Lubunga: iniforme itatoka wapi? Shati nyeupe, suruali ao sketi ya bulu, viatu vya kufunga. Mwenye watoto watano wa kusoma anahesabu mara tano. Nyuma ya swali la makuta kuna lingine kubwa zaidi: je, shule iko na haki ya kulazimisha iniforme? Na mtoto asiye nayo afanyiwe nini?

Habari hii inaeleza iniforme inatoka wapi, sheria inasema nini, wanaoitetea na wanaoikataa wanasema nini, na inchi zingine zimejifunza nini. Mwishoni kuna mambo ambayo wazazi na walimu wanaweza kufanya wenyewe, bila kungoja Kinshasa.

Bulu-nyeupe ilitoka wapi?

Shule za zamani za eneo letu zilifunguliwa na wamisionari, wakati Kisangani ilikuwa ingali inaitwa Stanleyville, jina ililobeba mpaka 1966. Wazazi waliosoma wakati wa Zaïre wanaikumbuka vizuri bulu-nyeupe. Wakati ule serikali ilikuwa inaangalia hata mavazi ya wakubwa. Katika siasa ya authenticité ya Mobutu, miaka ya 1970, koti na kravati za Kizungu zilikatazwa, wanaume wakavaa abacost. Mwaka wa 1990, wakati vyama vingi viliruhusiwa, abacost ikaacha kuwa lazima. Nguo ya wakubwa ikaachiliwa, ile ya watoto ikabaki.

Kuna jambo lingine la kujua. Mwaka wa 1974 serikali ilichukua shule za makanisa, kisha mwaka wa 1977 ikafanya mapatano na makanisa ili wazisimamie tena. Ndiyo maana tunasema shule « conventionnée »: ya Katoliki, ya Protestanti, ya Kimbangu, ya Islamu. Hizo ni shule za umma, lakini kila mtandao una kanuni zake za ndani. Kwa hiyo bulu-nyeupe ni ile ile, lakini shule moja inaweza kuongeza alama ya kushona kifuani, nyingine nguo ya michezo, nyingine sweta ya rangi yake. Mara nyingi magomvi yanaanzia katika hizo nyongeza, kuliko katika bulu-nyeupe yenyewe.

Sheria inasema nini?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006 kinasema kwamba elimu ya shule ya msingi ni ya lazima na ya bure katika shule za umma. Miaka 13 ilipita mbele neno hilo lianze kutekelezwa katika inchi nzima, mwezi wa tisa 2019. Ndiyo ile tunaita gratuité.

Gratuité iliondoa minervali na ile prime ambayo wazazi walikuwa wanalipia walimu tangu miaka ya 1990. Haikugusa iniforme, madaftari, kalamu wala viatu. Haikugusa shule za watu binafsi, na katika sekondari wazazi wanaendelea kulipa. Kwa mtoto wa shule ya msingi, basi, makuta ya masomo yameondoka mlangoni, lakini iniforme imebaki pale pale.

Katiba haisemi hata neno moja juu ya nguo. Ulazima wa bulu-nyeupe unatoka katika maagizo ya wakubwa wa elimu na katika kanuni za ndani za kila shule. Na kanuni ya shule iko chini ya Katiba. Iko pia chini ya Sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto, inayosema kila mtoto ana haki ya kusoma. Shule inaweza kuomba mtoto avae bulu-nyeupe, na mzazi afanye nguvu kuitafuta. Lakini shule ya msingi ya umma ikimfungia mtoto mlango juu ya shati, inagusa haki iliyo kubwa kuliko kanuni yake.

Wanaoitetea wanasema nini?

Sababu yao ya kwanza ni usawa. Kisangani tunapenda kuvaa, na watoto wanatuiga. Bila iniforme, kila asubuhi ingekuwa mashindano: nani ana viatu vipya, nani anarudia nguo ya jana. Mtoto wa mwenye duka na mtoto wa mwenye kusukuma toleka wakivaa rangi moja, angalau darasani hawaanzi na kuchekana.

Sababu ya pili ni makuta yenyewe. Seti mbili za bulu-nyeupe, zikifuliwa vizuri, zinaweza kumaliza mwaka, na mdogo akarithi za mkubwa wake. Mtoto anayevaa nguo za nyumbani siku sita kwa juma anahitaji nguo nyingi, na zinachakaa mbio.

Sababu ya tatu ni usalama. Mtoto wa bulu-nyeupe anajulikana. Saa nne za asubuhi akionekana sokoni ao kwenye bichi, mkubwa yeyote anaweza kumuuliza: wewe, leo hausome? Akiwa ndani ya mtumbwi, kila abiria anajua ni mwanafunzi.

Wanaoikataa wanasema nini?

Wao wanajibu kwamba umaskini haufichiki kwa rangi moja. Kola iliyogeuka manjano, sketi iliyopauka, sandali za plastiki pale wengine wana viatu: watoto wanaona yote hayo. Na rangi nyeupe ni ghali kwa njia yake, kwa sababu inataka sabuni kila siku. Katika barabara za udongo za Lubunga, shati inayotoka nyumbani safi inafika shuleni na vumbi, ao na matope wakati wa mvua.

Wanasema tena kwamba iniforme imekuwa mlango wa nyuma wa kurudisha malipo. Gratuité imekataza minervali, lakini mzazi anaambiwa anunue kitambaa kwa shule tu, alama ya kifuani kwa shule tu, nguo ya michezo kwa shule tu, kwa bei inayopita ya soko. Hapo tunapaswa kutofautisha mambo mawili. Iniforme ya rangi ya kawaida, ambayo mzazi ananunua popote ao anashonesha kwa fundi wa mtaa wake, ni desturi ya shule. Iniforme ya kununua kwa muuzaji mmoja tu ni malipo yenye jina lingine.

Na je, iniforme inaongeza akili? Huko Marekani, mji wa Long Beach ulilazimisha iniforme katika shule zake za msingi na za kati mwaka wa 1994, na Rais Clinton akasifu wazo la iniforme mbele ya Kongresi mwaka wa 1996. Lakini mwaka wa 1998 watafiti wawili, Brunsma na Rockquemore, walichunguza wanafunzi wa inchi ile na hawakuona kwamba iniforme inapunguza utoro ao tabia mbaya, wala kwamba inaongeza pointi. Ufaransa, ambako shule za umma hazina iniforme, ilianza kuijaribu katika shule kadhaa mwaka wa 2024. Lakini kule wazazi hawakuambiwa walipe: serikali na miji waligawana gharama.

Kwa nini Lubunga swali hili linauma zaidi?

Kati ya komine sita za Kisangani, Lubunga peke yake iko ngambo ya kushoto ya mto. Hakuna daraja. Mwanafunzi wa sekondari anayesomea Makiso anavuka kwa mtumbwi ao kwa chombo cha moteri, na nauli ile inatoka katika mfuko ule ule wa iniforme. Akirudishwa mlangoni, amepoteza siku nzima ya masomo pamoja na makuta ya kwenda na kurudi.

Halafu kuna vita ya udongo. Tangu mwezi wa pili 2023, fujo kati ya jamaa za Wambole na Walengola ilichoma nyumba na kufukuza maelfu ya watu, Lubunga na katika vijiji vya upande wa Ubundu na Opala. Wengi walivuka mto kutafuta usalama. Mtu anayekimbia usiku anabeba mtoto, chungu, pengine godoro. Habebi bulu-nyeupe. Mtoto wa namna hiyo akifika mbele ya shule mpya na nguo moja aliyo nayo mwilini, kumuuliza iniforme ni kumuuliza kitu kilichoungua pamoja na nyumba. Na hii inahusu watoto wa pande zote mbili, bila ubaguzi.

Mtoto anayerudishwa siku moja anaweza kurudi kesho yake. Anayerudishwa juma nzima anazoea kutokwenda. Mvulana anaanza kubeba mizigo kwenye bichi, msichana anapewa sahani ya karanga auzishe. Na nyumba ikiwa na makuta ya iniforme moja tu, mara nyingi msichana ndiye anaambiwa angojee mwaka ujao.

Majirani wetu wamejifunza nini?

Kenya ilifuta malipo ya shule za msingi mwaka wa 2003, na iniforme ikabaki kwa wazazi, sawa vile kwetu. Magharibi ya inchi ile, watafiti walifanya jambo rahisi: waligawia watoto iniforme ya bure, wakichagua kwa kura nani apate, kisha wakahesabu. Katika utafiti mmoja, mtoto aliyepewa iniforme alipunguza siku za kukosa darasa kwa 37 kwa mia. Kwa wale ambao mbele hawakuwa na iniforme hata moja, kukosa kulipungua kwa 55 kwa mia. Hesabu hiyo inaonyesha kwamba kwa mtoto maskini shati ile ilikuwa kizuizi cha kweli.

Utafiti mwingine, katika shule 328, ulifuata vijana wa madarasa ya mwisho ya shule ya msingi. Baada ya miaka mitatu, wasichana walioacha shule walikuwa 16 kwa mia pale iniforme iligawiwa, na 19 kwa mia pale haikugawiwa. Wasichana waliopata mimba walikuwa 13 kwa mia, na kule kwingine 16 kwa mia.

Lakini tusidanganyane. Ule utafiti wa kwanza uliporudiwa miaka minane kisha, haikuonekana tena kwamba waliopewa iniforme walifika mbali kuliko wenzao. Shati inafungua mlango, haifundishi. Ndani ya darasa kunatakiwa mwalimu aliyelipwa, kitabu na benchi.

Zambia ilipitia njia nyingine. Ilipoleta elimu ya bure ya msingi mwaka wa 2002, ilisema pia kwamba iniforme si lazima: mwenye nayo avae, asiye nayo aingie na nguo zake.

Basi, tufanye nini?

Ukipima pande zote mbili, iniforme si adui. Wazazi wengi wanaipenda, na watoto wenyewe wanatembea kwa fahari wakiivaa. Ubaya unaanza pale inakuwa tiketi ya kuingilia darasani. Bulu-nyeupe inaweza kubaki kanuni ya shule, lakini kosa la kuikosa lisilipwe na mtoto. Kwa hiyo:

*Rangi itoshe.* Shati nyeupe na nguo ya bulu, hata kama ni ya fripe, hata kama bulu yake haifanani kabisa na ya mwenzake. Alama ya kifuani isiwe sababu ya kumrudisha mtu.

*Shule itoe muda.* Mtoto mpya, yatima ao aliyekimbia vita aandikwe na aingie darasani siku ile ile. Neno la iniforme lizungumzwe na mzazi ao mlezi, pembeni, bila kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake.

*Kamati ya wazazi, ile COPA, ifungue sanduku la iniforme.* Mwisho wa mwaka wa masomo, mtoto aliyekua na nguo imemkaza aiache pale. Mwezi wa tisa, mwalimu anajua mlango gani wa kubisha.

*Tutumie mikono tuliyo nayo.* Shule zenye kufundisha coupe et couture zinahitaji nguo za kujifunzia kushona. Wazazi wakileta kitambaa, wanafunzi wanaweza kushona kwa bei ndogo, na mazoezi yao yakamvalisha mtoto wa jirani.

*Mzazi aulize kwa heshima, lakini aulize.* Mtoto wako wa shule ya msingi ya umma akirudishwa juu ya iniforme, nenda kwanza kumuona mkubwa wa shule. Kisha kamati ya wazazi. Kisha ofisi ya elimu, Sous-division. Eleza tarehe, darasa na sababu mtoto aliyopewa. Ukiombwa kununua nguo ao alama kwa shule tu, omba risiti na uitunze.

Na wewe mwalimu unayesimama mlangoni asubuhi, tunajua kazi yako si nyepesi, na pengine shati yako mwenyewe umeifua jana usiku ili uivae tena leo. Mtoto akifika mbele yako bila bulu-nyeupe, muulize kwanza kama ameleta daftari. Akiwa nalo, mpishe aingie, na neno la nguo mlimalize na mzazi wake jioni.