Alama za michezo ya video: nani anahukumu, na anaangalia nini?

Katika miji mingi ya mashariki mwa Kongo, vijana hukusanyika kwenye vibanda vyenye televisheni na mashine ya kuchezea, wakilipa pesa kidogo ili wacheze mpira wa kwenye skrini. Wengi wao hawajui kwamba kabla ya mchezo kuwafikia, umeshapita mbele ya wahakiki. Hao ni watu ambao kazi yao ni kucheza kila mchezo mpya, kuandika maoni na kuupa alama, kama mwalimu anavyosahihisha mtihani. Historia ya alama hizo ina zaidi ya miaka 40, na wakaaji wa Kivu wanahusika nayo kuliko wanavyodhani.

Mwaka 1981 yalianza kutoka majarida ya michezo pekee, likiwemo Computer and Video Games nchini Uingereza na Electronic Games nchini Marekani. Swali la wahakiki wa wakati huo lilikuwa rahisi: je, mzazi akinunua kaseti hii, atakuwa ametupa pesa zake?

Swali hilo lilikuwa na maana. Mwaka 1982 kampuni ya Atari ilitoa mchezo wa E.T., uliotokana na filamu maarufu. Mtengenezaji wake, Howard Scott Warshaw, alipewa wiki tano hivi tu ili mchezo uwahi Krismasi. Watoto waliufungua wakakuta mhusika akitumbukia shimoni kila mara, bila wao kuelewa wafanye nini. Kaseti nyingi zilikosa wanunuzi. Mwaka 1983 biashara nzima ya michezo ya video ikaporomoka Marekani, na mwezi Septemba Atari ikazika shehena ya kaseti kwenye jalala la Alamogordo, katika jimbo la New Mexico. Kwa miaka mingi watu waliona habari hiyo ni uvumi, hadi zilipofukuliwa Aprili 2014.

Huko Japani, jarida la Famitsu, lililoanza mwaka 1986, lilijenga utaratibu wake. Wahakiki wanne huucheza mchezo mmoja, kila mmoja hutoa alama yake juu ya 10, kisha alama zinajumlishwa. Kwa zaidi ya miaka 10 hakuna mchezo uliofikisha 40 juu ya 40. Wa kwanza ulikuwa The Legend of Zelda: Ocarina of Time, mwaka 1998. Wahakiki walipima picha, sauti, urahisi wa kucheza na raha ya mchezaji. Asili ya mashine yenyewe haikuwa na safu katika jedwali lao.

Na hapo ndipo Kongo inapoingia. Machi 2000 kampuni ya Sony ilianza kuuza PlayStation 2 nchini Japani, mashine ambayo baadaye iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Mwaka huo huo bei ya tantali, madini yanayotoka kwenye koltani, ilipanda mara kadhaa kwenye soko la dunia. Tantali hutumika kutengeneza vipande vidogo vinavyohifadhi umeme ndani ya simu, kompyuta na mashine za michezo. Mashine za michezo hazikuwa sababu pekee ya bei kupanda, wala kubwa kuliko simu. Lakini zilikuwemo. Wachimbaji wa mikono walimiminika Masisi, Walikale na hata ndani ya mbuga ya Kahuzi-Biega, huku vita vikiendelea. Mwaka 2001 bei ilianguka, na familia zilizokuwa zimeacha mashamba kwa ajili ya machimbo zikabaki bila kitu.

Mwaka huo huo wa 2001 zilitoka hukumu za aina mbili. Mwezi Januari ulifunguliwa mtandao wa Metacritic, unaokusanya maoni ya wahakiki wengi na kuyageuza kuwa namba moja juu ya 100. Mwezi Aprili, wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa ripoti iliyoeleza jinsi majeshi ya nchi jirani na makundi yenye silaha yalivyofaidika na madini ya Kongo. Wapenzi wa michezo waliifuata hukumu ya kwanza. Ya pili haikubadilisha alama ya mchezo wowote.

Namba hiyo moja ikapata nguvu kubwa. Mwaka 2010 kampuni ya Obsidian ilitengeneza mchezo wa Fallout: New Vegas. Mmoja wa waanzilishi wake, Chris Avellone, alieleza hadharani mwaka 2012 kwamba mkataba uliahidi malipo ya ziada endapo mchezo ungepata 85 kwenye Metacritic. Ulipata 84. Malipo hayo yakapotea kwa alama moja.

Novemba 2014 kampuni ya 11 bit studios ya Warsaw, Poland, ilitoa This War of Mine. Michezo mingi ya vita humpa mchezaji bunduki na kumfanya askari. Huu ulimweka kati ya raia waliokwama ndani ya nyumba iliyobomoka, na watengenezaji wake walichukua mengi kutoka mji wa Sarajevo, uliozingirwa kuanzia mwaka 1992 hadi 1996. Mchana hawawezi kutoka kwa sababu ya wadunguaji. Usiku mmoja wao huenda kutafuta chakula, dawa na kuni, na mfuko wake ni mdogo: akibeba dawa, chakula kinabaki. Akiwaibia wazee, anaweza kurudi akiwa amevunjika moyo. Mwaka 2016 wakaongezwa watoto.

Wahakiki wengi waliusifu, lakini ulivuruga kipimo chao cha zamani, kwani walizoea kupima raha na mchezo huu haukutengenezwa ili kumfurahisha mtu. Juni 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuuweka katika orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi wa sekondari.

Familia zilizokimbia vijiji vyao huko Kivu zinaujua mfuko ule mdogo bila kufundishwa na mchezo. Mama aliyetoka usiku akiwa na mtoto mgongoni alishachagua kati ya sufuria na blanketi. Kwamba uchaguzi huo umeanza kuhesabiwa kuwa jambo la kupimwa kwenye mchezo ni hatua. Safu ya koltani bado haimo. Mhakiki anapotoa 9 juu ya 10, amehukumu kile alichokiangalia tu, na mchimbaji wa Masisi hajawahi kuwa mbele ya macho yake.