Kurudi kwa Nyika ya Serengeti na Njia za Wageni

Husemwa mara nyingi ya kwamba nyika iliyomo katika wilaya za Serengeti na Tarime, mkoani Mara, imebaki kama ilivyokuwa tangu mwanzo wa dunia, na kwamba kazi ya wahifadhi ni kuirudisha katika hali hiyo kila inapoharibika. Shabaha ya makala haya ni kuonyesha kwamba kauli hiyo yahitaji kusahihishwa. Sura ya nyika aionayo mgeni leo, kwa sehemu kubwa, ina umri wa miaka 60 hivi. Ilipatikana kwa kazi iliyofanywa juu ya ng'ombe wa wafugaji. Na njia apitazo mgeni zakata mahame ya watu.

Tuanze na jina. Serengeti husemwa kuwa limetoka katika neno la Kimaasai, siringet, lenye maana ya uwanda usio na mwisho. Kuongezwa kwa irabu baada ya konsonanti ya mwisho ni jambo la kawaida neno kama hilo liingiapo katika Kiswahili. Lakini yafaa tukumbuke ya kuwa hilo ni jina la wafugaji walioitazama nchi kutoka upande wa mashariki. Upande wa magharibi na kaskazini, ambako Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na Wakuria walilima, wakafuga na kuwinda, nchi haikuwa uwanda mmoja. Ilikuwa vilima, vijito na mahame, kila pahali na jina lake. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake cha mwaka 2007, Imagining Serengeti, ameonyesha jinsi wazee wa huko walivyohifadhi habari za koo zao kwa kuzifunga na mahali hapo.

Yalikuwaje basi mahame? Karibu na mwaka 1890 sotoka iliingia Afrika Mashariki, ikaua ng'ombe, nyati na nyumbu kwa wingi usiopata kuonekana. Mwaka 1892 Oscar Baumann alipopita akielekea Ziwa Viktoria aliwakuta Wamaasai wakifa njaa. Njaa, maradhi na mashambulio yaliwaondoa watu katika makao mengi. Mahali palipokosa mifugo, moto na jembe, vichaka viliota, na mbung'o wakafuata vichaka. Hivyo pori ambalo watawala wa kigeni walilikuta na kulidhania la asili lilikuwa, kwa sehemu, kaburi la vijiji.

Serikali ya Waingereza ilitenga eneo dogo la wanyama mwaka 1921, ikalipanua mwaka 1929. Na katika miaka ya 1930 msimamizi wake alikaa Banagi. Msimamizi wa namna hiyo watu walimwita Bwana Nyama, na jina hilo lastahili kuangaliwa. Nyama katika lugha yetu ni mnyama, na tena ni kitoweo. Mwindaji wa Ikoma alizijua maana zote mbili, lakini sheria mpya ilimwachia moja tu. Hifadhi ya Taifa iliundwa mwaka 1951. Mwaka 1959 Ngorongoro ilitengwa nayo, mipaka ikasogezwa kaskazini, na sheria ikakataza watu kukaa ndani. Katika miaka ya 1960 Lamai, nchi ya Tarime iliyo ng'ambo ya Mto Mara, iliingizwa pia, na Wakuria waliokuwa wakilima huko wakahama. Hayo nayo yakawa mahame, tena ya watu ambao wajukuu wao wangali hai.

Hapo ndipo nyika iliporudi, lakini si kwa sababu ya mipaka peke yake. Nyumbu walikuwa wakipata sotoka kutoka kwa ng'ombe. Ng'ombe walipochanjwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, maradhi yalitoweka kwa nyumbu; nao walioweza kuhesabiwa 250,000 hivi mwaka 1961 walifikia 1,300,000 hivi mwishoni mwa miaka ya 1970. Kundi kubwa hilo lilikula majani yaliyokuwa yakiwaka moto kila kiangazi. Moto ulipopungua, miche ya miti iliweza kukua. Na tembo walipopunguzwa na ujangili wa miaka ya 1970 na 1980, miti ilizidi. Mwaka 2011 dunia nzima ilitangazwa kuwa huru na sotoka. Twaona, basi, ya kwamba sindano aliyochomwa ng'ombe wa mfugaji iliotesha mti ndani ya hifadhi.

Sasa tuziangalie njia. Neno mbuga, ambalo leo watu hulitumia kwa hifadhi yoyote ya wanyama, kwa wakulima wengi wa bara ni bonde tambarare lenye udongo mweusi wa mfinyanzi, upasukao wakati wa jua na kunata wakati wa mvua. Anayelijua neno kwa maana hiyo hahitaji kuambiwa njia ipite wapi. Gari likikwama mbugani, la pili hupita kando, la tatu kando zaidi, hata njia moja ikawa kumi na majani yasiote tena. Dawa yake ni kuinua njia kwa changarawe, kuchimba mifereji, kuifuata miinuko, na kuzifunga njia za panya ili nyasi zirudi. Miinuko hiyo ndiyo waliyochagua watu wa kale kwa nyumba zao, na kwa sababu ile ile.

Kwa hiyo kila njia inapotengenezwa, majina yaulizwe. Mgeni aingiaye kutoka kaskazini-mashariki hupita lango lenye jina la Klein, mwindaji wa Kimarekani. Si haki kwamba mwindaji huyo akumbukwe kwenye kibao na ukoo uliokaa karne nzima usikumbukwe. Kazi hii ni ya wanaisimu kabla ya kuwa ya wahandisi: kwenda Mugumu, Nata, Ikoma na vijiji vya Tarime vilivyo mpakani, kuyaandika majina ya mahame kwa matamshi na toni zake katika Kiikoma, Kingoreme na Kikuria, pamoja na habari zake. Majani hurudi yenyewe mvua ikinyesha. Jina la mahali likifa na mzee wa mwisho alijuaye, hakuna mvua ya kulirudisha.